BMW 318i E30 (1985) linatoa moshi mweusi likishapata joto: kubadili sensa ya joto la maji ya L-Jetronic

Kamanga318:

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa wenye uzoefu na mifumo ya zamani ya nozeli ya Bosch. Gari ni BMW E30 318i ya 1985, injini M10 ya cc 1766, gia za mkono, mfumo wa mafuta ni L-Jetronic (nozeli zinazoendeshwa kwa umeme). Liko Mwanza, safari zake ni Nyegezi hadi mjini, na mara mojamoja Kisesa.

Asubuhi linawaka vizuri kabisa. Tatizo linaanza baada ya kama dakika kumi: moshi mweusi kwenye ekzosi, harufu kali ya petroli, na likisimama kwenye foleni injini inayumba kama inataka kuzima. Ukilizima likiwa na joto ukarudi baada ya robo saa, unapiga stata muda mrefu mpaka ukanyage mafuta hadi chini ndipo linawaka. Plagi ni mpya lakini zimeshakuwa nyeusi kwa masizi makavu. Eya klina ni mpya. Mshale wa joto kwenye dashibodi unakaa robo, haufiki katikati hata likitembea saa nzima.

Fundi mmoja anasema ni sensa ya joto la maji, anataka kufunga ya Toyota kwa sababu ya BMW hapa haipatikani kirahisi. Mwingine anasema lipelekwe likapimwe kwa kompyuta kwanza. Maswali yangu: nitajuaje kwamba sensa ndiyo mbovu kabla ya kununua? Ya Toyota inafaa? Na kuibadilisha kuna hatari gani?

---

Fundi_Waya:

Mkuu, ya kompyuta iache. L-Jetronic ya gari lako haina kumbukumbu ya makosa, haihifadhi kodi (namba za makosa) yoyote, na hakuna mahali pa kuchomeka hiyo mashine ukapata jibu. Atakayekutoza kwa kuipima hivyo anakutoza bure. Kipimo cha gari hili ni maltimita (kifaa cha kupimia umeme) ya kawaida na kitabu cha michoro ya waya.

Kwanza hakikisha unapima sensa yenyewe. Kwenye injini hiyo kuna vitu kadhaa vilivyofungwa kwenye njia ya maji na watu huvichanganya. Sensa ya mfumo wa mafuta ina pini mbili, soketi yake ni ile yenye waya wa chuma wa kubana, na kwenye E30 soketi hiyo kwa kawaida ni ya rangi ya buluu. Ile ya mshale wa dashibodi ni kitu kingine kabisa. Swichi ya feni kwenye rejeta nayo ni kitu kingine, na ina tabia ya kukaa imekatika mpaka joto lipande, kwa hiyo ukiipima kwa kudhani ni sensa utasema imekufa wakati ni nzima. Fuata waya mpaka uone unakoelekea, usiamini rangi peke yake, maana gari la umri huo limeshashikwa na mikono mingi.

Ndani ya sensa kuna kipande ambacho ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Kontroli boksi, kisanduku cha umeme kinachopanga kiasi cha mafuta, haijui joto, inajua omu tu, yaani kipimo cha ukinzani huo. Sensa nzima ya Bosch ya aina hii husoma hivi: kwenye digrii 20 ni omu 2,200 hadi 2,800, digrii 40 ni 1,000 hadi 1,300, digrii 60 ni karibu 600, digrii 80 ni 290 hadi 370. Waya ukikatika, au sensa ikikatika ndani, ukinzani unakuwa mkubwa mno na kontroli boksi inadhani injini iko kwenye barafu, inamwaga mafuta. Ikipiga shoti, inadhani injini ina joto kali, inanyima mafuta, na hapo asubuhi gari linagoma. Dalili zako ziko upande wa kwanza. Asubuhi linawaka vizuri kwa sababu wakati huo mafuta mengi ndiyo yanayohitajika.

Pima hivi. Funguo umezima, chomoa soketi ya sensa, weka maltimita kwenye omu, gusa pini mbili za sensa. Asubuhi Mwanza, kwenye digrii 18 hadi 20, utarajie karibu 2,500. Washa injini, iache ipate joto kamili, zima, pima tena. Usipime omu soketi ikiwa imechomekwa wala funguo ikiwa imewashwa, utapata namba za uongo.

Kisha nenda dukani kwa mafundi redio ununue resista (kidude chenye ukinzani usiobadilika) ya omu 330. Bei yake ni ndogo mno. Injini ikiwa na joto na moshi umeanza, zima, chomoa soketi ya sensa, chomeka ile ya 330 kwenye soketi badala ya sensa, washa. Moshi ukikata na injini ikatulia, kosa liko kwenye sensa. Moshi usipokata, sensa haina hatia; uende kwenye presha ya mafuta, nozeli na mita ya hewa (inayopima hewa inayoingia injini). Resista usiiache humo ukaendesha nayo siku zote, kwa sababu asubuhi gari litakosa mafuta ya kuwakia na utaishia kuua betri na stata.

Angalizo moja kubwa: soketi za nozeli zinafanana na hii ya sensa na zinaingiliana. Soketi ya nozeli ina volti 12. Ukiichomeka kwenye sensa kwa bahati mbaya umeiunguza. Weka alama ya rangi kabla hujachomoa chochote.

---

Dada_Spana:

Naongezea kwenye alichosema Fundi_Waya, kwa sababu kuna jambo kwenye swali lako limepitwa: mshale unaokaa robo.

Kaka, angalia kama thamostati imo, ile vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto. Huku kwetu kuna mazoea ya kuing'oa thamostati kwa hoja kwamba nchi ni ya joto. Kwenye gari la kabureta unaweza usione madhara haraka. Kwenye L-Jetronic madhara unayaona kwenye mafuta, maana injini isiyofika digrii 80 inaendelea kupewa mafuta ya injini baridi, na sensa hapo inasema kweli tupu. Maji yakikaa digrii 55 au 60 saa nzima, sensa itasoma omu 600 na kitu, na kontroli boksi itafanya kazi yake kama ilivyofundishwa. Utabadili sensa tatu na tatizo litabaki.

Tena kwenye M10 thamostati iko nje ya injini, ile yenye mipira mitatu. Kazi yake ni zaidi ya kufungua na kufunga: ikifunguka upande wa rejeta inaziba njia ya mkato. Mtu akiitoa ndani au akaweka bomba tupu, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji haipiti kwenye rejeta kamwe. Matokeo yake gari linakuwa baridi likitembea tambarare na linapanda joto ukilibebesha mzigo mlimani. Kwa hiyo hata ile hoja ya nchi ya joto haisimami.

Kuijua ni rahisi. Washa injini baridi, shika mpira mkubwa unaounganisha thamostati na rejeta. Thamostati ikiwepo na nzima, mpira unabaki baridi kwa dakika kadhaa kisha unapata moto ghafla. Ukianza kuwa vuguvugu tangu mwanzo, haimo au imekwama wazi. Funga ya digrii 80.

Kuhusu kupima sensa: njia ya uhakika kuliko zote ni kuitoa na kuichemsha kwenye sufuria, kwa sababu injini hujui ina digrii ngapi hasa. Ning'iniza kwa waya, ncha ya shaba ndani ya maji, pini juu zisilowe, isiguse chuma cha sufuria. Hapa kando ya ziwa tuko zaidi kidogo ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye digrii 96 hivi na si 100. Sensa nzima kwenye maji yanayochemka isome karibu omu 200, au 210. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni, chukua pia vipimo kwenye 40, 60 na 80 maji yanapopoa. Wakati inapima, tikisa pini zake taratibu. Sensa nyingi za zamani hazifi moja kwa moja. Zinasoma vizuri zikiwa baridi kisha zinaruka zikipata joto, au zikiguswa.

---

Kamanga318:

Asanteni sana. Nimefanya mlivyoelekeza. Vipimo ni hivi:

Asubuhi kwenye sensa: omu 2,600. Resista ya 330 ikiwa imechomekwa na injini ya moto: moshi umekata, injini imetulia, linazima na kuwaka bila shida. Sensa kwenye maji yanayochemka: 1,450, na nikigusa pini moja inaruka mpaka maltimita inaonyesha imekatika. Thamostati: ganda lipo, ndani hakuna kitu.

Pia nilipima kwenye soketi kubwa ya kontroli boksi, ile ya nyuma ya kisanduku cha dashibodi. Kabla sijaitoa sensa kwenye injini, pale palionyesha omu 300 zaidi ya zile za kwenye sensa yenyewe. Hii ina maana gani?

---

Fundi_Waya:

Umefanya vizuri kupima ncha zote mbili, wengi hawafiki huko.

1,450 kwenye maji ya digrii 96 ina maana kontroli boksi ilikuwa inaona injini ya digrii 35 hivi wakati imeiva. Ongeza zile 300 za njiani, inaona baridi zaidi. Ongeza thamostati isiyokuwepo. Matatizo matatu yote yanasukuma upande mmoja, wa mafuta mengi. Sensa ni ya kutupa.

Hizo omu 300 ni kutu kwenye soketi, au waya uliobakiza nyuzi mbili tatu. Waya mzima kati ya sensa na kontroli boksi unapaswa kusoma chini ya omu 1. Chomoa terminali hasi ya betri, chomoa soketi ya kontroli boksi, kisha unganisha pini mbili za soketi ya sensa kwa kipande cha waya na upime kutoka kule ndani. Tikisa waya kuanzia kwenye soketi ya sensa kurudi nyuma. Namba ikiruka, hapo ndipo penye ugonjwa. Mara nyingi ni sentimita 10 za mwisho, ganda la waya limekauka kwa joto na shaba imegeuka kijani.

Tiba yake: tafuta soketi ya aina hiyohiyo kutoka kwenye gari lolote la Ulaya lililokatwa, hata ya nozeli inafaa, ikatwe na waya wake sentimita 15. Kata waya mbovu mpaka ukute shaba inayong'aa, ungia kwa risasi ya kulehemu, funika kila kiungo kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Viungo viwili visikae sambamba, kimoja kitangulie kingine sentimita 2. Kusokota kwa mkono na kufunga selotepu kunarudisha zile omu 300 baada ya msimu mmoja wa mvua. Waya zote mbili za sensa hazina chanya wala hasi, ukizigeuza hakuna kinachoharibika.

---

Bintimabatini:

Kuhusu sensa ya Toyota, nisingekataa kabla ya kuipima. Sensa za joto za Toyota za kipindi hicho zimeandikiwa kilo-omu 2 hadi 3 kwenye digrii 20, na omu 200 hadi 400 kwenye digrii 80. Ukilinganisha na namba za Fundi_Waya, unaona Bosch inaingia katikati ya hizo. Kwa umeme, kontroli boksi haitajua tofauti. Kinachosumbua ni mambo ya chuma: uzi wa skrubu, urefu wa ncha, na soketi.

---

Mzee_wa_Nyakato:

Binti, kwenye namba uko sawa. Lakini soketi ya Toyota si ya Bosch, itabidi ukate waya za gari, na ncha ikiwa fupi haifiki kwenye mkondo wa maji. Itapima joto la chuma, ambalo huchelewa. Ikiwa ndefu inaweza kugota kabla washa (pete ya chuma ya kuzibia maji) haijabana, maji yatavuja. Kwa mtu aliyekwama njiani Magu usiku ningesema funga, ufike. Kwa gari la 1985 ambalo mwenyewe anataka kulitunza, sensa yake ipo na si adimu kiasi hicho.

Namba ya Bosch inayotumika sana kwenye magari haya ni 0 280 130 026, uzi M12 x 1.5, pini mbili. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya 80 yanatumia hiyohiyo, kwa hiyo usiulize dukani sensa ya BMW ya 1985, utaambiwa hakuna. Uliza kwa namba, ukiwa na ya zamani mkononi ulinganishe uzi, urefu na soketi. Ikikosekana Mwanza, agiza Dar es Salaam maduka ya Kariakoo na Ilala, au Nairobi kule Kirinyaga Road. Inakuja na basi. Ni kitu cha kutosha kwenye kiganja, usafiri wake si mzigo.

Kabla hujalipa, toa maltimita palepale kaunta. Joto la duka mchana ni digrii 25 hadi 28, sensa nzima isome kati ya 1,800 na 2,100 hivi. Shika ncha yake kwenye ngumi dakika moja, namba ishuke taratibu bila kuruka. Isiyoshuka au inayoruka, mrudishie. Boksi lenye nembo nzuri si ushahidi wa chochote.

Sasa kuifunga. Injini iwe baridi kabisa, ya kushikika. Chomoa hasi ya betri. Fungua mfuniko wa maji taratibu. Toa maji kama lita 2 kwa kulegeza mpira wa chini wa rejeta juu ya beseni safi, ili usawa ushuke chini ya sensa. Soketi hiyo usiivute kwa waya: bana ule waya wa chuma kwa bisibisi ndogo, kisha vuta mwili wa soketi. Ukivuta waya unazing'oa pini, na kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima.

Tumia boksi spana ndefu namba 19. Sensa ni ya shaba nyeupe laini na imekaa kwenye aluminiamu, kwa miaka hiyo yote huenda imeshikana. Ikikataa usiipige wala usiongeze bomba kwenye spana, itakatika na kuacha uzi ndani. Weka mafuta ya kulegeza kutu, subiri. Bado ikikataa, rudishia maji na waya wa betri, washa injini mpaka iwe vuguvugu, digrii 40 hadi 50, si zaidi. Aluminiamu hutanuka kuliko shaba, tundu linaachia kidogo. Ilegeze robo mzunguko tu, kisha iache ipoe kabla ya kuitoa yote. Wewe umeshaitoa mara moja kuichemsha, kwa hiyo sehemu ngumu imepita, ila maelezo haya yatamfaa mwingine.

Safisha tundu. Ukikuta ukoko mweupe au wa kahawia, ni chokaa na kutu ya maji matupu, na ukoko huo kwenye ncha ya sensa ni kama blanketi. Ukwarue kwa kijiti, usitumie patasi kwenye aluminiamu. Uso ambapo washa inakaa uwe safi na laini.

Weka pete ya washa mpya, ya shaba au aluminiamu. Ya zamani imeshabanwa, haibani tena. Ingiza sensa kwa vidole mpaka iingie mizunguko mitatu au minne bila ubishi. Ikigoma mapema umeipanga upande, rudi nyuma uanze tena. Mkazo ni Nm (newton mita) 15 hivi, usivuke 20. Kama huna spana ya kupima mkazo: ikishagusa washa, ongeza robo mzunguko, basi. Tepu nyeupe ya mabomba usiweke. Kwenye sensa hii ya waya mbili haikati umeme, lakini vipande vyake huenda na maji, na yule atakayeiga hivyo kwenye sensa ya mshale yenye waya mmoja ataikatia ethi (njia ya umeme kupitia chuma cha injini) na mshale utalala.

Thamostati funga wakati huohuo, usirudie kumwaga maji mara mbili. Mfumo wote unachukua karibu lita 7. Weka kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji laini: yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi, au ya mvua yaliyokingwa safi. Soma chupa vizuri, kwa sababu madukani vyote viwili huitwa maji ya betri, na asidi kwenye rejeta ni maafa. Maji ya ziwa na ya kisima yaache.

Kutoa hewa ndiko kunakowashinda wengi. Sensa ikizungukwa na povu la hewa inasoma uongo hata ikiwa mpya. Egesha gari pua ikiangalia juu ya mwinuko, fungua hita mpaka mwisho wa moto, jaza polepole, washa, minyaminya mpira mkubwa wa juu mpaka povu liishe, ongeza maji. Mpira wa chini ukishapata moto na hita ikatoa hewa ya moto, funga. Kesho yake injini ikiwa baridi kagua tena usawa. Na mfuniko ushike presha yake. Kwenye mwinuko huu maji huchemka mapema, mfuniko unaovuja unaleta mvuke palepale kwenye sensa.

---

Kamanga318:

Shikamoo mzee, asante kwa maelezo. Nimeipata 026, kaunta ilisoma 1,950. Nimefunga, soketi nimeibadilisha, waya sasa inasoma omu 0.4. Thamostati mpya ya digrii 80 imo. Mshale sasa unasimama katikati, moshi umekwisha, likiwa na joto linawaka mara moja.

Imebaki harufu kidogo ya petroli kwenye ekzosi, na nikiwa kwenye foleni linatetemeka kwa mbali. Nimeona mfuniko mweusi wa mita ya hewa umeshawahi kufunguliwa, umezungushiwa silikoni nyekundu.

---

Fundi_Waya:

Shikamoo ya mzee aipokee mwenyewe, mimi nijibu hilo la silikoni.

Hapo kuna mtu alijaribu kutibu sensa mbovu kwa kuchezea mita ya hewa. Chini ya mfuniko ule kuna gurudumu lenye meno linalokaza springi ya kilango kinachosukumwa na hewa inayoingia. Springi ikilegezwa, kilango kinafunguka zaidi kwa hewa ileile na mafuta yanaongezeka, ikikazwa, yanapungua. Usiguse bado. Kagua kwanza kama kuna alama ya kiwandani, nukta ya rangi au mkwaruzo kwenye jino na kwenye kishikio chake. Ikiwa haviendani, unajua meno mangapi yamesogezwa. Weka alama yako, rudisha jino mojamoja, na shikilia gurudumu kwa kidole muda wote, likikuponyoka springi inafunguka yote na huna pa kuanzia.

Kabla ya hapo pima presha ya mafuta. Ukichomoa kale kampira ka upepo kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli), presha iwe 2.5 au 3.0 bar kulingana na kilichoandikwa kwenye regyuleta yenyewe. Ukikarudisha injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa mafuta, ishuke kama nusu bar. Kanuse hako kampira: kakiwa na petroli ndani, kiwambo cha regyuleta kimepasuka na mafuta yanaingia injini bila kupita kwenye nozeli. Mpira wa petroli wenye nyufa ubadilishe siku hiyohiyo kwa mpira wa presha ya nozeli, si wa kabureta. Kizima moto kiwe karibu.

Tafuta na hewa ya wizi. Kwenye mfumo huu hewa yoyote isiyopita kwenye kilango haihesabiwi, ikiwemo inayoingia kwenye mfuniko wa oili usiobana na mshikio wa kupimia oili. Huo mtetemo wa kwenye foleni unaweza kutoka hapo.

---

Dada_Spana:

Kuna na suala la mwinuko. Kilango cha L-Jetronic kinasukumwa na hewa inayopita, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 10. Kilango hakihisi upungufu huo wote, kwa hiyo gari lililotyuniwa Dar es Salaam likifika Mwanza linapewa mafuta ya ziada ya asilimia 5 hivi bila kitu chochote kuharibika. Harufu kidogo iliyobaki inaweza kuwa hiyo tu.

Hilo halirekebishwi kwa springi. Kuna skrubu ya hewa ya pembeni kwenye mwili wa mita ya hewa, mara nyingi imefunikwa kizibo. Ukiizungusha kufuata saa unaongeza mafuta, kinyume cha saa unapunguza. Fanya injini ikiwa na joto kamili, robo mzunguko kwa mara, na mtu mwenye kipima gesi ya ekzosi: lenga CO (gesi ya kaboni monoksidi) kati ya asilimia 0.5 na 1.5. Usipokuwa na kipimo, tumia plagi mpya, tembea kwa mwendo wa kawaida mpaka Usagara na kurudi, zing'oe. Rangi ya kahawia hafifu ni sawa, masizi bado ni mafuta mengi, weupe kama majivu ni machache mno na hapo rudisha haraka, injini inaweza kuunguza vali.

Mwisho, oili. Gari lililokuwa likimwaga mafuta hivyo limeosha kuta za silinda na petroli imeshuka kwenye oili. Toa kijiti, nusa. Usawa ukiwa umepanda juu ya alama, au oili ikiwa nyepesi kama maji, imwage yote, ni karibu lita 4 pamoja na filta. Usisubiri kilomita zake zifike. Na kwa kuwa msimu wa wadudu wa ziwani hujaza rejeta na eya klina, puliza rejeta kutoka upande wa injini kwenda mbele kabla hujasoma joto na kulaumu thamostati mpya.